Majibu Yaliyopigwa Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Leo chuo kikuu kimepanda ngazi zetu kikihema. Mwanamke mwembamba, miwani, begi mgongoni kama mtoto wa shule. Akajitambulisha kuwa ni daktari. Nikampa kiti, nikavuta gauni, nikamwonyesha goti. Akalitazama kwa adabu, kisha akasema yeye si daktari wa miili, udaktari wake ni wa kusoma sana. Nikalifunika goti langu. Nimempa jina: Daktari wa Vitabu.

Anamtaka mjukuu wangu. Si kumhoji. Anataka wafanye utafiti pamoja, sawa kwa sawa. Vijana wa majengo yetu ndio watakaotunga maswali, ndio watakaowahoji vijana wenzao, ndio watakaokaa kuyasikiliza majibu na kuamua yana maana gani. Ripoti ikitoka, majina yao yatakaa pamoja na lake. Na mmoja wao, watakayemchagua wenyewe, atasimama chuoni mbele ya wakubwa na kuwasomea waliyoyapata. Swali lenyewe ni hili: kijana akiwa na jambo linalomkaa moyoni, nyumbani anamwambia nani?

Nikamuuliza, mjukuu wangu akisema hapana na wewe ukasema ndiyo, inakuwaje. Akasema wanapiga kura, na kura yake ni moja kama ya mtu mwingine yeyote. Nikacheka mpaka chai ikaniingia puani. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Nimenyoosha mashati ya waliosoma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijaona shati la mkubwa likikubali kukunjwa chini ya shati la mdogo.

Mjukuu wangu hakucheka. Huyu namwita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu, na tangu mama yake aende kufanya kazi mbali tunalala chumba kimoja. Msichana wa maneno machache. Neno likimtoka unaliokota kama kifungo kilichodondoka. Leo yamemtoka mengi bila kuvutwa. Amesema anataka. Anataka sana. Hajawahi kutaka kitu hivi.

Basi na mimi nataka. Atakayesimama chuoni ni mke mwenzangu, hata kama ni lazima utafiti wote niusukume kwa bega langu.

(Mimi sikusoma. Herufi nimefundishwa na yeye, juu ya meza hii hii, mvi zikiwa zimeshaota. Kwa hiyo makosa ya humu ndani ni ya mwalimu.)

Jumatano, 6 Machi

Jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu ni fundi cherehani. Mimi nanyoosha, yeye anashona, na tangu tuhamie hapa kila mmoja anaamini mwenzake anamharibia kazi. Sasa imekuwa mbaya zaidi. Mjukuu wake wa kiume naye yumo katika utafiti.

Mtoto mzuri, sina ugomvi naye. Namwita mume wangu na yeye anaitika. Lakini ana mdomo. Huyo hata ukimfunga kitambaa ataongea kwa nyusi.

Leo Fundi amesimama mlangoni kwake, futi shingoni, akasema kwa sauti ya kusikika ngazi nzima kwamba mjukuu wake ameshapata vijana wanaogombea kuhojiwa. Akasema anamhurumia mjukuu wangu, maana kwa ule upole wake kinasa sauti kitarudi kimejaa kikohozi. Nikamwambia mjukuu wake kwa anavyopenda kuongea atajihoji mwenyewe, ajijibu, ajishukuru na kuondoka. Akaingia ndani. Nimeshinda.

Nilishinda mpaka jioni. Mke mwenzangu amerudi kutoka kumhoji msichana wa jengo la pili. Akabonyeza simu tusikilize. Yeye anauliza, msichana anasema sijui. Anauliza, sijui. Anauliza, labda. Kisha kikohozi. Kikohozi kabisa, cha kweli.

Akakaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani. Nikamwambia anisomee maswali yake, nimsaidie kufanya mazoezi. Akanisomea yote. Akaniomba yabaki hapa hapa, kwa sababu wamekubaliana kikundini kwamba anayehojiwa asiyajue mapema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwangu ni kaburini.

Maswali mepesi sana. Tatizo si maswali. Tatizo ni vijana wenyewe, hawajaandaliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaandaa.

Chumba changu cha kazi kiko chini ya ngazi. Jumamosi kila nyumba inaleta sare za shule, na mwenye sare ndiye anayekuja kuichukua. Anasimama mbele ya meza akisubiri nimalizie kola. Wakati wa kola mikono yangu ina kazi lakini mdomo hauna. Na kijana aliyesimama akisubiri shati hana pa kukimbilia. Kifua wazi utakwenda wapi?

Nikawafundisha mmoja mmoja. Mke mwenzangu akija na simu yake, usikohoe. Akikuuliza jambo zito unamwambia nani, sema unamwambia bibi. Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo pa kupendeza. Nikawapa maneno yangu mwenyewe, nimeyafikiria tangu Alhamisi: “Bibi ndiye sanduku langu, na kufuli lake halishiki kutu.”

Maneno mazuri. Nilipoyasema mara ya kwanza nilisisimka mwenyewe.

Mmoja akasema bibi yake alifariki. Nikampa pole, nikamwambia atumie mimi. Mwingine akasema bibi yake anaishi mbali na hasikii vizuri. Nikamwambia asiingie huko, aliyeuliza habari za masikio ni nani? Mrefu mmoja, mtoto wa kinyozi, akaniuliza kama huo si uongo. Nikamwambia hapana, ni ukweli uliovaa shati safi. Akafikiri. Nikamrudishia shati lake safi. Akaelewa.

Asiyeweza kuyakariri sikumpa suruali mpaka akayaweza.

Jumatatu, 11 Machi

Imekwenda laini kama siagi.

Mke mwenzangu ameingia na macho yanayowaka. Vijana wanaongea, bibi, wanaongea wenyewe, hata sijamaliza kuuliza. Nikajifanya nashangaa. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema labda ni ile sura yako ya upole.

Nimesikia kwa Fundi kwamba mume wangu amehoji vijana mpaka amechoka na hana cha kuonyesha. Mmoja amesema siri zake anauambia mto wa kulalia. Mwingine haambii mtu. Mwingine anamwambia mbuzi. Nikamwambia Fundi asimlaumu mtoto, si kila mtu ana bahati ya kukutana na vijana wenye malezi. Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kujibu. Nilichagua wakati huo makusudi.

Jambo moja tu. Usiku wakati wa kulala mke mwenzangu alisema ni ajabu, wengi sana wanawaambia bibi zao. Nikasema ndiyo hivyo. Akajigeuza. Akauliza tena, kama anaongea na ukuta, ni wengi hivyo kweli? Nikakoroma.

Jumatano, 13 Machi

Mambo yameharibika na aliyeniambia ni Fundi.

Mume wangu ndiye aliyemsimulia. Kikundi kizima kimekaa leo katika ukumbi wa majengo yetu kusikiliza majibu yote pamoja, Daktari wa Vitabu katikati yao. Likaja la kwanza la mke mwenzangu. Sanduku, kufuli, kutu. Wakasema maneno matamu haya. Likaja la pili. Sanduku, kufuli, kutu. Mtu akacheka. La tatu, wakacheka wote. La nne hakuna aliyecheka. Kufika la mtoto wa kinyozi, aliyesema bibi ndiye kufuli langu na sanduku lake halishiki kutu, Daktari akazima simu.

Bahati mbaya leo alikuwepo mkubwa wake kutoka chuoni. Mwanamume wa tai. Huyo amesema neno moja: yametungwa. Amesema huyu msichana ameandika sentensi, akawapa rafiki zake waisome, na hili ndilo alilokuwa akionya tangu mwanzo, kwamba ukiwapa watoto utafiti wanakurudishia mchezo wa kuigiza. Anataka atolewe, na kila alichokigusa kifutwe. Daktari amesema kikundi ndicho kitakachoamua, Jumamosi.

Fundi alinieleza haya polepole, pini zote zikiwa zimetoka mdomoni. Hakunikejeli hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Na mke mwenzangu hajaniambia kitu. Amekuja, amekula, ameosha sahani yake na yangu, amelala kuelekea ukutani. Nilimuuliza siku imekuwaje. Akasema nzuri.

Nzuri.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefikiri huku nachemsha maji mpaka sufuria ikaungua.

Kumwambia Daktari kwamba ni mimi? Atasema mtoto alivujisha maswali, na kweli alinisomea. Bado anatolewa. Hapana. Kinachotakiwa ni sababu nzuri ya watu wengi kusema maneno yaleyale. Na watu wengi hutoa wapi maneno yaleyale? Redioni.

Nimewapitia vijana wote leo, mlango kwa mlango, nikijidai natafuta soksi iliyopotea. Kila mmoja nimemwambia: ukiulizwa, maneno yale uliyasikia kwenye mchezo wa redio. Ni mchezo maarufu. Unapendwa sana.

Nimerudi miguu imevimba lakini moyo umetulia kidogo. Nimemkuta mke mwenzangu dirishani, hafanyi chochote. Nikampa kipande kikubwa cha mkate. Akasema asante bibi, akakirudisha sahanini.

Ijumaa, 15 Machi

Ile habari ya redio. Nisingeanza.

Daktari amezunguka leo na mume wangu, wamewauliza vijana tena. Mmoja amesema redio ya kwao. Mama yake yuko hapo hapo akasema hatuna redio. Mwingine amesema mchezo unakuja asubuhi, mwingine usiku, mwingine amesema umeshakwisha, mhusika mkuu alikufa. Mtoto wa kinyozi alipoulizwa mchezo unaitwaje, akasema unaitwa soksi.

Alasiri Daktari wa Vitabu akashuka mpaka chumbani kwangu chini ya ngazi. Alisimama hapo wanaposimama wanaosubiri kola. Akaniamkia, akauliza hali ya goti. Akauliza kama nina redio. Nikasema sina. Akaangalia meza. Akaangalia sare zilizotundikwa, kila moja na alama ya mwenyewe. Mimi nikawa nanyoosha mkono mmoja wa shati, ule ule, mbele nyuma.

Kisha akasema kwa upole kwamba amemuuliza mjukuu wangu ni nani mwingine nyumbani aliyeyajua maswali. Mjukuu wangu amejibu ni yeye peke yake. Ameulizwa mara ya pili mbele ya yule mkubwa wa tai, akaambiwa jibu hili linaweza kumtoa. Amejibu vilevile.

Akaniaga. Nikasikia harufu. Nimeunguza shati la mwalimu wa hesabu, mgongoni, umbo la pasi kamili. Tangu nianze kazi hii sijaunguza hata leso.

Anajua. Mke mwenzangu anajua ni mimi, na amenyamaza, na anakwenda kutolewa akiwa amenyamaza hivyo hivyo.

Nilipanda ngazi nimwambie. Nilipofika mlangoni nikamsikia anapumua kama mtu anayelia bila kutaka kusikika. Nikashuka tena. Mimi, ninayemwambia kila mtu la usoni, nimeshuka ngazi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimevaa gauni la heshima, nimekwenda ukumbini bila kualikwa.

Viti vya plastiki, duara. Daktari kwenye kiti kama vya wengine. Mkubwa wa tai amekaa nje ya duara, karibu na dirisha, mikono kifuani. Tai yake imepigwa pasi bila kitambaa juu, inang'aa kama kipara. Uenyekiti wanapeana zamu na leo ilikuwa zamu ya mume wangu.

Nikaingia nikisema nina neno. Mume wangu akasimama, akaniamkia vizuri, akasema bibi, samahani, utapewa nafasi, kwa sasa kaa. Nikamwambia nimekuchezesha mapajani. Akasema ndiyo bibi, kaa. Nikakaa. Fundi alikuwa ameshafika, akanisogezea kiti.

Mkubwa wa tai akaanza kueleza kwa nini jambo hili halihitaji mjadala. Mume wangu akamwamkia na yeye pia. Kisha akamwambia, kwa heshima zote mzee wetu, wewe hukutunga maswali wala hukumhoji mtu, kwa hiyo utasikilizwa ila huna kura. Yule mtu akamgeukia Daktari kama anayetaka mtoto aonywe. Daktari akasema huo ndio utaratibu waliokubaliana, hata yeye amefungwa nao. Masikio ya mkubwa yakabadilika rangi. Mimi nilikuwa na hofu, lakini hilo nimeliona na nimelitunza.

Mke mwenzangu akapewa nafasi. Alisimama. Akashika mikono nyuma. Akasema kosa ni lake, aliyasoma maswali nyumbani kabla ya wakati. Akasema yuko tayari kuwahoji wote upya, na wakiona afadhali atoke, atatoka. Wakamuuliza aliyasomea kwa nani. Akanyamaza.

Sikungoja zamu. Nikasema ni mimi. Nikasema yote: sare, kola, sanduku, suruali niliyoizuia, mchezo wa redio usiokuwepo. Nikasema huyu mtoto hakujua, na alipojua alichagua kunificha mimi kuliko kujiokoa yeye, na wakimtoa wajue wanamtoa aliye mkweli kuliko watu wote wa jengo lile, nikianza na mimi. Nikakaa kwa sababu goti lilikataa.

Vijana waliohojiwa walikuwa wamejaa mlangoni, wanachungulia. Mtoto wa kinyozi akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye aliuliza kama ni uongo. Nikamwambia nyamaza wewe, ulipindua maneno.

Wakacheka kidogo, kisha wakaendelea, na sasa sikia. Daktari akasema maoni yake ni kuwa msichana abaki, lakini yale majibu yote yafutwe, waanze upya, yasitajwe popote. Nikaona ni haki kabisa. Mke mwenzangu akasema hapana.

Alimwambia Daktari hapana. Akasema wahoji upya, sawa, lakini ya kwanza yasifutwe. Yaandikwe kwenye ripoti kama yalivyotokea. Akasema tumeuliza vijana wanaongea na nani, na kabla hawajafungua mdomo mtu mzima alikuwa ameshaingia mdomoni mwao na maneno yake, tena mtu mzima anayewapenda. Akasema hilo nalo ni jibu.

Daktari akabisha. Akasema chuoni watawacheka. Wakabishana, yule kwa vitabu, huyu kwa sauti yake ndogo isiyopanda wala kushuka. Kisha kura. Nimemwona kwa macho yangu mtu mwenye udaktari akinyoosha mkono, na mkono ukashindwa. Akaushusha, akacheka peke yake, akaandika walivyoamua.

Mkubwa wa tai akaondoka bila kuaga. Mimi nimepewa sharti moja: mpaka majibu mapya yakamilike nisiongee na kijana yeyote habari za utafiti, hata kwa ishara. Nimeapa. Fundi amepewa kazi ya kukaa chumbani kwangu Jumamosi, kusikiliza. Nimekubali hata hilo.

Jumapili, 17 Machi

Tumekunywa chai hatuangaliani. Nikamwambia mke mwenzangu anisamehe. Akasema ameshanisamehe tangu Jumatano.

Nikamuuliza, kama ulijua ni mimi tangu Jumatano, mbona hukuja kunipigia kelele. Mbona ulisema siku ilikuwa nzuri. Akazungusha kikombe. Akasema bibi, mimi sikuambii mambo. Si hili tu. Mambo yote.

Nikadhani sikusikia. Akarudia, polepole, bila ubaya. Akasema nikikuambia kitu unakipokea kwa mikono miwili na unaondoka nacho mbio. Hujawahi kukaa nacho. Akasema mara ya mwisho alinieleza jambo, kwamba mwalimu alimcheka mbele ya darasa, na kesho yake nilikwenda shuleni na pasi mkononi.

Nikasema pasi ilikuwa imepoa.

Akasema ndiyo bibi, lakini wao hawakujua.

Akaenda kuoga. Nimekaa na hicho kikombe chake mpaka kikapoa. Nimewafundisha watoto wa watu jengo zima waseme bibi ndiye sanduku lao. Wangu mwenyewe nilisahau kumuuliza.

Ijumaa, 29 Machi

Majibu mapya yamekamilika. Sikusema neno kwa mtu. Jumamosi iliyopita Fundi alikaa kutwa kwenye kigoda pembeni ya meza yangu na mashono yake, akinitazama mdomo. Vijana wakaja, nikanyoosha kola, nikawapa mashati kimya kama bubu. Mtoto wa kinyozi akauliza kama naumwa.

Sijui walichosema. Nasikia si bibi. Nasikia wengi hawamwambii mtu, na wachache wanaambiana wao kwa wao kwenye ngazi. Imeniuma lakini nimenyamaza. Hata Fundi imemuuma. Mume wangu, aliyehojiwa na mke mwenzangu, kumbe kwa maneno yake yote nyumbani hajawahi kusema jambo moja la kweli.

Tumekunywa chai pamoja, mimi na Fundi, hatukugombana hata mara moja. Ilikuwa siku ngumu.

Na leo wamechagua wa kusimama chuoni. Wamemchagua mke mwenzangu. Nimesikia kutoka kwake mwenyewe, mlangoni, kabla hajavua viatu.

Jumapili, 31 Machi

Leo amenieleza jambo.

Sikumuuliza. Nilikuwa nachambua mchele, nimefunga mdomo, nimejizoeza wiki mbili sasa. Akaja akakaa, akachukua upande wake wa sinia. Tukachambua. Nikahesabu mawe ili nisiongee. Kisha akasema anaogopa.

Anaogopa siku ya chuoni. Si kusoma, kusoma ataweza. Anaogopa kwamba akimaliza kusoma, watu wote ukumbini watamgeukia Daktari na maswali yao, kana kwamba yeye alikuwa redio tu iliyowashwa na mwenye nayo. Wazazi na majirani wamealikwa pia, na hata wao, anawajua, watamuuliza mwenye miwani. Akasema ikiwa hivyo, basi ile sawa kwa sawa ilikuwa ya ukumbi wa huku tu.

Moyo wangu uliruka mpaka mezani lakini nikaendelea kuchambua. Nikamwambia ni kweli, inatisha. Hilo tu. Akaniangalia, anasubiri niinuke. Sikuinuka. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema hakuna, bibi. Nilitaka tu ujue. Naomba usifanye chochote.

Nikasema sitafanya.

Akaegemeza kichwa begani kwangu, mchele ukamwagika, hatukuuokota. Nimelia kidogo. Amenieleza mimi. Katika watu wote wa dunia hii, mimi.

Ndipo akatoka, na mimi nikavuka kwenda kwa Fundi.

Nimejieleza vizuri kabla hajanikatiza. Nimeapa kutowatia vijana majibu mdomoni, na kiapo changu nitakitunza mpaka nife. Lakini wazazi si vijana, na swali si jibu. Kila mzazi atakayekuwa ukumbini apewe swali lake moja, la kumuuliza mke mwenzangu na si Daktari, tena yasifanane, hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Fundi akasema tuliokosea ni nani, yeye hakuwepo. Kisha akaweka mkasi chini. Akauliza kama na mjukuu wake anaweza kupata maswali kidogo, mawili hivi, ya pembeni.

Tumegawana. Yeye anachukua milango ya chini mpaka kwenye ngazi, mimi kuanzia ngazi mpaka juu, na tunaanza kesho. Nimemsisitizia jambo moja tu: awaambie kabisa, kila mtu akisimama kuuliza, aonekane amelifikiria mwenyewe.